Siku Tisa za Kumi

Chooni, jamani! Chooni kabisa, nyuma ya mlango, usawa wa macho ya mtu aliyekaa! Miezi mitano na zaidi sisi wa chuo kikuu tunapiga hesabu, tunachora michoro, tunagombana kwa barua pepe, kumbe jibu limetundikwa kwenye msumari choo cha chini, na kila aliyebanwa na mkojo katika nyumba ile alikuwa analisoma! Mbavu zinaniuma kwa kucheka. Ngojeni. Ngojeni nivute pumzi nianzie asubuhi, la sivyo mtasema Hilje kapandwa na wazimu, na kwa kazi ninayofanya mimi hilo neno hatulirushi ovyo.

Saa tatu asubuhi, leo Alhamisi, nilikuwa ofisini kwa Profesa Lubbert Hoving, bosi wangu, nimeshika daftari. Mbele yetu kasimama Bi Wiarda na koti lake la mvua la manjano linachuruzika maji kwenye zulia. Huyu mama ana miaka sitini na tatu, kastaafu polisi, na chuo kilimwita Jumatatu kuchunguza kesi yetu. Tangu Jumatatu hakuuliza kitu. Alisoma tu.

“Kaa, Bi Wiarda,” Profesa akasema.

“Nasimama. Nikikaa nasinzia. Nieleze tena kama vile mimi ni mjinga.”

Profesa akapanga karatasi tisa mezani, moja moja, kama mtu anayecheza karata. “Nyumba ya Mlango wa Bluu ni nyumba ya kutwa ya watu wenye matatizo ya akili. Huduma ya afya ya akili wana nyumba, wana muuguzi, Geeske. Sisi tuna watafiti. Tangu Januari tunafanya kazi pamoja. Kila siku saa kumi jioni, wageni kumi na sita wanaipa siku yao alama, kutoka moja hadi kumi. Namba tu, bila majina.”

“Wageni?”

“Ndivyo wanavyowaita,” nikadakia. “Hawasemi wagonjwa.”

“Na tatizo?”

“Hizi siku tisa.” Profesa akagonga meza. “Tazama. Kumi, kumi, kumi, kumi. Bi Wiarda, wewe ni mtu wa huku huku kaskazini. Umewahi kumpa mtu kumi?”

Bi Wiarda akafikiri. “Mume wangu, siku ya harusi, nilimpa nane.”

“Basi! Saba ni nzuri. Nane ni sherehe. Mwalimu wangu wa hisabati alisema kumi hatampa hata malaika. Halafu watu wenye huzuni ya miaka wanatoa kumi kwa pamoja, siku moja, mwandiko mmoja? Hizi zimeghushiwa. Na aliyeghushi ni yule anayeshika karatasi.”

“Geeske.”

“Geeske. Barua yangu iko tayari. Saa kumi na moja jioni inakwenda kwa mkuu wa kitivo na kwa wakubwa wa huduma ya afya ya akili. Ushirikiano unaisha.”

Nikaacha kuandika. Maana niwaambie wazi: ile nyumba ilikuwa ifungwe mwaka jana. Huu ushirikiano ndio umeiweka wazi. Barua ikitoka, Geeske anasimamishwa kazi, mlango wa bluu unafungwa, na watu kumi na sita wanarudi kukaa vyumbani kwao wakitazama ukuta.

Bi Wiarda alitoa lenzi mfukoni, lenzi kweli, kubwa kama kifuniko cha sufuria ndogo, akainama. Mimi nikaleta kahawa. Yake na maziwa, ya Profesa nyeusi, na biskuti mbili kwenye kisahani, moja moja kama desturi yetu.

“Biskuti yangu chukua,” Profesa akamwambia. “Ina siagi. Mimi na maziwa tuligombana tangu utotoni.”

Bi Wiarda akala zote mbili bila kuinua kichwa. Kisha akaanza.

“Karatasi nane zina mwandiko mmoja. Tarakimu ya moja ina kofia ndefu, sifuri imefungwa vizuri. Ya tisa, tarehe 27 Machi, ni mwandiko mwingine. Mkubwa, wa duara, na karatasi ni chafu kuliko zote.”

“Chafu?”

“Madoa ya mafuta. Yapo kwenye zote tisa, pembeni, pale mtu anaposhika kupokeza mwenzake. Lakini hii ya 27 Machi imeoga.” Akageuza lenzi. “Na namba kumi na mbili. Mmemwona?”

Profesa akavaa miwani.

“Katika siku nane, watu kumi na tano wametoa kumi, yeye peke yake katoa nane. Kila mara nane. Mwongo anayeandika kumi mara kumi na tano, kwa nini amwonee mmoja?”

“Ili tumwamini.”

“Basi kwa nini 27 Machi akasahau? Siku hiyo hata kumi na mbili katoa kumi.” Akafunga lenzi. “Hilje, namba kumi na mbili ni nani?”

“Sijui, Bi Wiarda. Na ningejua nisingeruhusiwa kusema.”

“Vizuri sana. Mimi sitaki jina lake. Nataka kujua nini kinamkwaza. Chukua baiskeli yako.”

Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu, upepo usoni, na yule mama akaniacha nyuma madaraja mawili. Nilipofika Nyumba ya Mlango wa Bluu tayari alikuwa jikoni, uso kwa uso na Geeske. Geeske ni mrefu, ana mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote, na macho yake leo yalikuwa mekundu.

“Umeghushi?” Bi Wiarda akamuuliza, hata salamu hakuna.

“Sijaghushi.”

“Profesa anasema mwandiko ni wako.”

“Profesa hajawahi kuona mwandiko wangu. Anaona kompyuta.”

“Andika kumi.”

Geeske akachukua penseli akaandika nyuma ya pakiti ya chai. Moja yake haina kofia, imelala kama mtu mlevi.

“Si huu,” Bi Wiarda akasema. “Lakini mtu anaweza kubadili mkono wake.”

“Mwezi wa pili mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Niliteleza kwenye barafu ya mfereji tarehe 30 Januari, nikafunguliwa katikati ya Machi. Piga simu hospitali. Tarehe 4 Februari sikuweza hata kujifunga kamba za viatu.”

“Zilifungwa na nani?”

“Na Harm.”

Jicho likamponyoka Geeske, likaenda ukutani, likarudi haraka. Bi Wiarda akaona. Na mimi nikaona! Ukutani palikuwa na orodha ya zamu za kuosha vyombo. Tarehe 10, tarehe 11, tarehe 12. Moja zote zina kofia ndefu. Sifuri imefungwa vizuri.

Jamani, na chini yake jina la mwandishi: Harm.

Mzee Harm alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa mpeleka barua miaka thelathini, mpaka siku moja akashindwa kutoka nyumbani kwake, akakaa ndani miaka minne. Sasa anakuja hapa kila siku, nywele kazilaza kwa maji, shati limefungwa mpaka shingoni. Pembeni yake kakaa Sientje anafuma soksi. Sientje ni mfupi, mnene, na sauti yake unaisikia toka mtaa wa pili.

Bi Wiarda akaweka karatasi mapajani mwa yule mzee. “Mzee Harm, mwandiko huu ni wako?”

“Wangu.”

“Umeandika alama za watu wengine?”

“Walinitajia, nikaandika.”

“Kwa nini wasijiandikie?”

“Mikono yao ilikuwa michafu.”

“Na yako?”

“Safi. Mimi sigusi.”

“Hugusi nini?”

“Harm, funga mdomo!” Sientje akafoka, sindano za kufumia zimenyooka kama mikuki. “Usimwambie kitu! Hawa watu wa chuo, tangu Januari, nani kati yao kavua koti humu ndani? Nani? Yule msichana wa baiskeli anakuja kila Ijumaa, anachukua karatasi, ahsanteni kwaherini, hata kahawa hanywi! Leo wanakuja kutuuliza mikono yetu! Hakuna jibu kwa mtu mwenye koti!”

Msichana wa baiskeli ni mimi. Nilitazama chini. Zipu yangu ilikuwa mpaka kidevuni.

Na ni kweli, jamani. Mimi nilikuwa nikibanwa na haja pale, navumilia mpaka chuoni. Tuliambiwa mtafiti asizoeane na anaowatafiti. Nikaona kuvua koti ni kuzoeana.

Bi Wiarda akatazama koti lake la manjano, akatazama dimbwi alilolifanya sakafuni. Akalivua. Akalitundika. Akavuta kiti, akakaa!

“Una haki, mama,” akamwambia Sientje. “Kahawa ipo?”

Ilikuwapo. Ilikuwapo nyingi. Alikunywa kikombe cha kwanza wakazungumza soksi. Cha pili, magoti. Cha tatu wakaletewa mkate na jibini mchana, wakajadili kama baiskeli za umeme ni uvivu au ni akili. Mimi nakaa natazama saa ya ukutani, saa saba, saa saba na nusu, barua ya Profesa inasubiri, na mpelelezi wetu anaomba kikombe cha nne!

“Bi Wiarda,” nikamnong'oneza, “muda.”

“Binti yangu, nimefanya kazi polisi miaka thelathini na mitano. Najua ninachofanya.” Akasimama, akajikunja kidogo. “Choo kiko wapi?”

Akaingia. Dakika moja, mbili, tatu. Halafu nyumba nzima ikasikia:

“HILJE! Njoo huku!”

“Bi Wiarda, uko chooni!”

“Nimeshamaliza! Lete karatasi!”

“Za choo?”

“Za alama, we mtoto!”

Sientje kabana mdomo kwa soksi, mabega yanatetemeka. Mimi nikaingia, tukajibana wawili kwenye kile kichumba, yeye kakaa juu ya kifuniko, mimi nimeegemea sinki, na nyuma ya mlango, kwenye msumari, ile kalenda.

Kalenda ya siku za kuzaliwa! Kila nyumba ya kwetu inayo, na kila nyumba inaitundika chooni, ili ukikaa ukumbushwe. Nyumbani kwetu ipo. Kwa bibi yangu ipo, ina picha za paka. Kwa Profesa mwenyewe ipo, naweka rehani kichwa changu! Haina Jumatatu wala Jumanne, tarehe tu na mstari wa jina, maana inatumika mwaka hadi mwaka.

“Soma tarehe za karatasi,” Bi Wiarda akasema.

“9 Januari.”

“Harm.”

“22 Januari.”

“Yupo.”

“4 Februari.”

“Yupo.”

Nikaanza kuruka ruka, kiwiko kikagonga bomba. “17 Februari!”

Kidole chake kikasimama. “Hayupo mtu.” Kikapanda juu. “Sientje yupo tarehe 15. Mwaka huu tarehe 15 Februari ilikuwa siku gani?”

Nikatazama simu. “Jumamosi.”

“Na nyumba hufungwa Jumamosi. Kwa hiyo walimsherehekea Jumatatu.”

11 Machi, yupo. 14 Aprili hakuna, lakini tarehe 13 yupo, na ilikuwa Jumapili. 8 Mei, yupo. 3 Juni, yupo.

“Sasa geuza,” akaniambia. “Kuna jina lolote Januari mpaka leo ambalo siku yake haina kumi?”

Nikapitia kurasa mara mbili. “Hakuna. Majina manane, siku nane.”

“Basi si uongo, Hilje. Ni keki.”

Tukatoka chooni tumeshikana mikono kama watoto. Sebule nzima imetugeukia. Geeske kasimama mlangoni mwa jikoni na taulo mkononi.

“Siku ya kuzaliwa mtu,” Bi Wiarda akamwambia, “mnafanya nini hapa?”

“Kama kila mtu,” Geeske akajibu, kashangaa. “Mwenye siku analeta keki. Viti vinawekwa duara. Tunampa mkono yeye, halafu tunapeana hongera wote. Keki zile za matabaka, juu sukari ya rangi ya waridi, ndani krimu.”

“Zile ambazo ukiuma mbele inatokea nyuma,” nikasema.

“Hizo hizo. Krimu mpaka kwenye viwiko. Hapo inafika saa kumi, kalamu hakuna anayeweza kuishika.”

“Ila mtu mmoja.” Bi Wiarda akamgeukia Harm. “Kwa nini wewe huigusi keki, mzee?”

“Maziwa. Yananivimbisha. Nakaa kwenye duara, nafurahi, lakini sili. Ndiyo maana natoa nane.” Akainua kikombe chake cha kahawa, kina 12 kubwa nyekundu. “Mimi ndiye kumi na mbili. Wanasema siri. Siri ya nini? Miaka minne hakuna aliyenijua hata kwa namba.”

“Geeske!” nikalia. “Mbona hukumwambia Profesa?”

“Nimwambie nini? Aliniuliza kama nimeghushi, nikasema sijaghushi. Kwenye dodoso lenu kuna swali la usingizi, la dawa, la mawazo mabaya. Swali la keki halipo. Nikadhani mmeamua si jambo la kitaalamu.”

Nilikuwa tayari kumrukia nimkumbatie, lakini Bi Wiarda akainua mkono.

“Bado. Nane tunazo. Ya tisa hatuna. 27 Machi ukurasa ni mweupe. Nikienda kwa Hoving na nane kati ya tisa, atasema hiyo moja ndiyo ya kughushi, na barua inatoka vilevile.”

Saa nane na nusu. Sebule ikawa baridi ghafla. Geeske akafungua mdomo, Sientje akamkanyaga mguu. Nilimwona!

“Acheni,” Sientje akasema. “Mama huyu kavua koti, lakini hiyo siku si yetu kuisema. Ina mwenyewe. Na mwenyewe hakuja.”

Bi Wiarda akatabasamu. Mara ya kwanza wiki nzima! Akaketi, akakunja mikono tumboni, akaanza kuongea polepole kama anayefungua fundo.

“Siku hiyo mwandiko si wa Harm. Kwa hiyo Harm mikono yake ilikuwa michafu. Kwa hiyo Harm alikula.”

“Vipande vitatu,” Harm akasema, uso unang'aa.

“Na ukatoa kumi. Kwa hiyo keki haikuwa na maziwa. Ilinunuliwa kwa ajili yako?”

“Mimi siku yangu ni Januari.”

“Kuna mwingine humu asiyekula maziwa?”

Vichwa vikatikiswa duara zima.

“Basi keki ilinunuliwa kwa ajili ya mtu wa nje. Mtu aliyefika hapa angalau mara moja, mkamuuliza siku yake, akawaambia na habari za tumbo lake.” Akanigeukia. “Hilje. Leo asubuhi biskuti yangu ya pili niliipata wapi?”

Biskuti ya... Nikapiga ukelele, yaani ukelele, Harm akamwaga kahawa.

“PROFESA!”

Sientje akatupa soksi chini. “Haya, kajua mwenyewe! Siku ile ya kutia saini, Januari, alikaa dakika ishirini. Na koti! Lakini nilimuuliza kazaliwa lini, akasema 27 Machi, akasema keki hali kwa sababu ya maziwa. Masikini, nikasema, huyu hajapata keki maisha yake yote. Tukaenda duka la mikate watu saba. Harm alikwenda! Kwa miguu yake!”

“Na jina lake?” Bi Wiarda akauliza. “Kwenye kalenda halipo.”

“Kila mtu anajiandika mwenyewe, baada ya kukaa kwenye duara. Hakukaa. Tulimsubiri mpaka saa tisa. Tukamwimbia bila yeye.”

Geeske alikuwa ameshafungua friza. Akatoa kiboksi cha plastiki chenye barafu, juu kibandiko cha Sientje, mwandiko mkubwa wa duara, ule ule wa karatasi ya 27 Machi: HOVING. ASIGUSE MTU.

“Mlimwalika?”

“Na kadi! Wiki moja kabla! Bahasha ya rangi ya waridi, nilimpa huyo!” Sindano ya kufumia ikanielekea mimi katikati ya pua. “Msichana wa baiskeli!”

Jamani. Jamani! Bahasha ya waridi. Ijumaa, mvua, naharakisha. Nilidhani ni ya utafiti! Niliibandika namba, nikaitia kwenye boksi la Visivyosomeka, rafu ya chini, nyuma ya mtambo wa kunakili.

“Hilje,” Bi Wiarda akasema taratibu, “umekalia ushahidi miezi miwili na nusu.”

“Nakwenda!”

“Nenda. Na urudi naye.”

Sikumbuki njia. Nakumbuka bata mmoja aliyeruka kando. Profesa alikuwa mezani, barua mbele yake, kalamu wazi. Nikamwekea bahasha juu ya barua, na maji ya mvua yananidondoka puani.

“Hii nini?”

“Kosa langu. Fungua, tafadhali.”

Akafungua. Akasoma kwa sauti, kama asomavyo kila kitu. “‘Mpendwa Profesa. Unaalikwa Alhamisi tarehe 27 Machi saa nane mchana. Keki yako haina maziwa, tumemuuliza mwenye duka mara mbili. Ukichelewa tutakuwekea.’”

Akasoma tena, kimya. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: choo, kalenda, krimu, mkono msafi. Hakunikatiza, na huyu mtu hukatiza hata redio.

“27 Machi nilikuwa wapi?” akauliza mwishowe.

“Hapa. Ulikula mkate mezani, ukaniambia nisikuunganishie simu.”

Akafunga kalamu. Akachukua baiskeli.

Tulipofika saa kumi kasoro dakika ishirini, viti vilikuwa tayari duara. Sientje kasimama mlangoni kama askari wa mpakani, mkono mbele. “Koti.”

Profesa akavua koti. Sientje akanitazama na mimi. Nikavua langu, zipu ikakwama, nikalivutia kichwani. Watu wakapiga makofi!

Halafu ikaanza. Harm akasimama wa kwanza, akampa mkono. “Hongera, Profesa.” Kisha akampa Geeske mkono: “Hongera kwa siku ya Profesa.” Kisha Bi Wiarda, kisha mimi, kila mtu kwa kila mtu, mikono inapishana, hongera hongera hongera, kwa siku ya kuzaliwa iliyopita miezi miwili na nusu! Kipande cha keki kilikuwa bado na barafu katikati, kijiko kikapinda. Profesa akakikata nusu, akampa Harm nusu. Akala. Akajipaka krimu mpaka kwenye miwani.

“Choo kiko wapi?” akauliza.

Nyumba nzima ikanyoosha kidole.

Akakaa huko muda mrefu, jamani, mpaka Bi Wiarda akaanza kuijutia ile kahawa ya nne. Alipotoka alikuwa na kalamu mkononi, macho mekundu, na kipande cha karatasi ya choo puani. Akasimama katikati ya duara, akapiga simu hapo hapo.

“Ofisi ya mkuu wa kitivo? Hoving. Ile barua ya saa kumi na moja... Haiji. Hapana, haijachelewa. Haipo. Andika hivi: utafiti unaendelea, muuguzi Geeske anaendelea, na dodoso linaongezwa swali moja.” Akatutazama. “‘Leo umekula nini, na ulikaa na nani.’”

Geeske akajifunika uso kwa taulo. Akilia, akicheka, sijui, vyote. Profesa akamwendea, kasimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. “Geeske, nilipaswa kuuliza vingine. Samahani sana.”

“Kaa, Profesa,” akasema ndani ya taulo. “Una krimu sikioni.”

Saa kumi ikagonga. Karatasi ya alama ikazunguka, kila mtu anajiandikia, maana leo keki ilikuwa ya watu wawili tu. Harm akatoa kumi, kwa herufi pia, ili pasiwe na ubishi. Mwisho Profesa akavuta karatasi, akachora mstari mpya chini, akaandika namba kumi na saba. Kisha akaziba kwa mkono kama mtoto darasani, akaandika alama yake, akaipenyeza kwenye bahasha, akalamba gundi, akatumbukiza kwenye sanduku la karatasi lenye kufuli.

“Umetoa ngapi?” Sientje akapayuka.

“Ni siri ya utafiti.”

“Saba!” Harm akabashiri.

“Saba na nusu,” akasema Bi Wiarda, akiwa tayari anakimbilia choo, na kalamu kaikopa. Kwenye kalenda, nimeshachungulia, Oktoba sasa kuna jina lake.

Nikainua koti langu niondoke. Sientje akalishika ncha.

“Na wewe, msichana wa baiskeli? Umezaliwa lini?”

Nikajikuna shingo. “Kesho.”

Mngesikia zile kelele! Kwa hiyo hapa nilipo nimesimama foleni duka la mikate, nahesabu kwa vidole: keki ishirini, mbili bila maziwa, nimemuuliza mwenye duka mara mbili. Na kesho ni Ijumaa, siku yangu ya kufungua sanduku. Ufunguo uko mfukoni, unanichoma mpaka pajani, lakini sheria ni sheria na leo siligusi. Namba kumi na saba kaandika nini, mtu aliyefundishwa kwamba kumi hapewi hata malaika? Nikishanawa krimu mikononi kesho, ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.